Kulirudisha kazini jiliwa la mguu la mhunzi kwa vipuri vya kutengeneza mwenyewe

Jiliwa la mguu, yaani chombo cha kubania chuma chenye mguu mrefu unaofika sakafuni, limeundwa ili lipigwe nyundo, na hilo ndilo linalolitofautisha na jiliwa la kawaida la mezani. Chuma chekundu kinapokunjwa mdomoni mwake, kishindo cha nyundo hakiishii kwenye meza wala kwenye skurubu, bali hushuka kwa mguu mrefu wa nyuma hadi sakafuni. Jiliwa la mezani, ambalo mara nyingi ni la chuma cha kusubu, hupasuka likilazimishwa kufanya kazi hiyo kwa muda mrefu. La mguu, ambalo lenyewe lilifuliwa motoni, hupinda kidogo na linaweza kunyooshwa tena. Ndiyo maana majiliwa ya aina hii yenye umri wa miaka 100 na zaidi bado yanaonekana katika marundo ya vyuma chakavu, yakiwa yamepoteza springi, kikuku au mkono, lakini mwili wake ukiwa mzima.

Kabla ya kushika spana, ni vizuri kuzijua sehemu zake. Taya la nyuma halisogei, nalo limeungana na mguu unaofika chini. Taya la mbele husogea kwa kuzungukia bawaba iliyo chini, mahali ambapo mashavu mawili ya chuma huibana sehemu ya chini ya taya hilo na kufungwa kwa pini au bolti. Skurubu kubwa hupita katika matundu ya mataya yote mawili na kuingia katika nati ndefu yenye umbo la bomba, ambayo imekaa nyuma ya taya lisilosogea na kuzuiwa isizunguke kwa jino dogo linaloingia katika mfuo. Kati ya mataya kuna springi bapa inayolisukuma la mbele lifunguke skurubu inapolegezwa. Mwisho, kuna bamba la kufungia mezani, pamoja na kikuku chenye umbo la herufi U na kabari zinazoukaza mguu kwenye bamba hilo.

Karibu kila sehemu katika hizi ilitengenezwa ili ilingane na mwenzake wa jiliwa hilohilo. Kikuku kilichotoka kwenye jiliwa lingine hakitakaa, na springi iliyokopwa itasukuma mahali pasipostahili. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautoi michoro yenye vipimo vya kunakili. Kila kipuri kipimwe kutoka kwenye mwili wa jiliwa lililo mbele yako, na alama za uchakavu zilizo juu yake zitakuonyesha umbo la kile kilichopotea kwa uhakika kuliko mchoro wowote.

Ukaguzi kabla ya kufungua

Anza na skurubu na nati, kwa kuwa hizo mbili ndizo ngumu zaidi kutengeneza. Fungua jiliwa hadi nusu, shika kichwa cha skurubu kwa mikono miwili, kisha kivute na kukisukuma bila kukizungusha. Mchezo wa milimita moja au mbili ni wa kawaida kwa chombo cha umri huo. Ukizidi hapo, au ukisikia skurubu ikiruka wakati wa kukaza, hesi zimelika. (Kwa hesi nina maana ya zile kingo zinazozunguka skurubu kama ngazi, na zile zilizo ndani ya nati zinazoumana nazo.)

Kisha chomoa skurubu yote na uitazame kwenye mwanga. Hesi za majiliwa ya zamani kwa kawaida ni za mraba, yaani upana wa ukingo na upana wa mfuo hukaribiana, na kuta zake husimama wima. Zilizolika huonekana zimechongoka kama meno ya msumeno. Linganisha sehemu za ncha, ambazo huwa ndani ya nati wakati wote, na sehemu iliyo karibu na kichwa, ambayo aghalabu haifiki kwenye nati hata jiliwa likiwa limefungwa. Pima upana wa ukingo kwa kalipa katika sehemu zote mbili. Kipimo changu ni hiki: ikiwa ukingo uliochakaa bado una zaidi ya nusu ya unene wa ule usiochakaa, skurubu hiyo iachwe ifanye kazi. Nimeona watu wakitupa skurubu nzuri kwa sababu tu ilikuwa na kutu na mchezo mdogo, na huo ni upotevu wa kusikitisha.

Ndani ya nati tumia tochi na kijiti chenye ncha iliyokunjwa. Zipapase hesi za mdomoni kwanza, kwa kuwa hizo hushika skurubu katika kila nafasi na ndizo zinazotangulia kulika. Katika majiliwa mengi ya zamani hesi hizo hazikuchongwa ndani ya bomba. Fundi alisokota ufito wa chuma kuizunguka skurubu, akauingiza ndani ya bomba, kisha akaulehemu kwa shaba ya njano. Ukiona mstari wa rangi ya dhahabu kwenye mizizi ya hesi, yaani pale zinapoungana na bomba, nati yako ni ya namna hiyo, na jambo hilo litaamua jinsi utakavyoitendea katika hatua inayofuata.

Kulifungua

Piga picha za kila upande, na kwa ncha ya chuma weka nukta ndogo kwenye sehemu zinazokutana, nukta moja kwa jozi ya kwanza, mbili kwa ya pili, ili zirudi zilipokuwa. Kisha mimina mafuta ya kupenyeza kwenye bawaba, kwenye kabari na kwenye mdomo wa nati. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, hufanya kazi vizuri sana, lakini asetoni hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo usiutumie karibu na moto wala siku ambayo unakusudia kupasha chuma. Kwa skurubu iliyoganda kabisa, simamisha jiliwa nati ikiwa chini, jaza mafuta ya taa kutoka juu na uliache siku kadhaa, huku ukigonga kichwa cha skurubu kwa nyundo ya shaba kila siku. Subira hapa huokoa vitu ambavyo nguvu ingevivunja.

Joto linasaidia, lakini lina mpaka wake. Bawaba inaweza kupashwa bila wasiwasi mwingi baada ya mafuta kukauka na kufutwa. Bomba la nati lisifike kamwe kwenye wekundu, kwa kuwa shaba inayoshikilia hesi huyeyuka karibu na nyuzijoto 900 za Selsiasi, na muda mrefu kabla ya hapo huwa imekwisha kulegea. Midomo ya mataya nayo isipashwe kabisa. Kwa kawaida nyuso zake ni vipande vya chuma kigumu vilivyounganishwa motoni juu ya mwili wa chuma laini na kutiwa matiko, na ukivipasha utaondoa ugumu ambao hutaurudisha kwa urahisi.

Pini ya bawaba ikikataa kutoka, usiipige nyundo hadi ikavimba kichwa na kujifunga zaidi. Ikate katikati ya nafasi iliyo kati ya shavu na taya kwa msumeno mwembamba wa chuma, au itoboe kwa keekee katikati yake kisha ibomoe kutoka ndani. Pini ni kipuri cha nusu saa, ilhali shavu likipasuka kazi yake ni ya siku nzima.

Kusafisha bila kufuta historia

Brashi ya waya na mafuta ya taa hutosha kwa sehemu kubwa. Jiwe la grainda silitumii kwenye mwili wa jiliwa: huondoa alama za nyundo, mihuri ya mtengenezaji, namba za uzito na mistari inayoonyesha mahali vipande vilipounganishwa, na vyote hivyo ni habari unazozihitaji. Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu, kwa sababu huenda ina risasi. Iloweshe, uikwangue, ukiwa umevaa barakoa na glavu, na mabaki uyakusanye.

Kutu nzito huondoka vizuri kwa umeme. Jaza chombo cha plastiki maji, yeyusha magadi ya kufulia, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4, tumbukiza kipande chenye kutu na uunganishe waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye kipande hicho. Waya chanya uende kwenye bamba la chuma cha kawaida ambalo halikigusi kipande. Bamba la chuma kisichoshika kutu lisitumike, kwa kuwa hutoa kemikali zenye sumu ndani ya maji. Kazi hii ifanyike nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu mapovu yanayopanda ni haidrojeni na oksijeni, na uzime chaja kabla ya kugusa chochote. Springi iliyotiwa matiko usiiweke humo: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae. Isafishe kwa brashi peke yake.

Bawaba

Bawaba ndiyo inayoamua kama mataya yatakutana sawasawa, kwa hiyo itengenezwe kabla ya kugusa nyuso za mataya. Matundu yake mara nyingi yamekuwa na umbo la yai, na pini imepata kiuno. Ukibadilisha pini peke yake, mchezo utabaki uleule.

Funga mashavu na sehemu ya chini ya taya la mbele mahali pake, yakiwa yamebanwa imara, kisha panua matundu yote kwa pamoja kwa keekee moja hadi yawe duara tena. Kwa mfano, kama pini ilikuwa ya milimita 16, huenda 18 ikatosha, na ikibidi 20. Yakitobolewa moja moja hayatanyooka, na taya litakaa likiegemea upande. Nisingepanua tundu kiasi cha kuacha ukuta wa chuma mwembamba kuliko nusu ya kipenyo cha pini. Ikifika hapo, jaza tundu kwa kuchomelea na ulitoboe upya.

Pini mpya ifanywe kwa chuma cha duara cha kawaida. Pasha ncha moja hadi iwe ya rangi ya machungwa iliyoiva, iingize katika tundu la bamba nene la chuma na uigonge hadi itengeneze kichwa. Ncha ya pili ichongwe hesi kwa ajili ya nati, au itobolewe kwa ajili ya pini ndogo ya kuzuia. Acha nafasi ya karibu milimita 0.2 kati ya pini na tundu. Taya la mbele lizunguke kwa uzito wake lenyewe bila kuyumba kando. Likiyumba, weka washa nyembamba upande unaohitaji.

Skurubu na nati

Skurubu ikiwa imevunjika au imelika kupita kiasi, una njia mbili. Ya kwanza ni kumpelekea mkerezaji akakata hesi mpya za mraba kwenye kerezo. Ya pili, ambayo ni rahisi zaidi, ni kununua ufito wenye hesi za trapezo pamoja na nati yake, kwa mfano ule wa kipenyo cha milimita 30 ambao husogea milimita 6 kwa kila mzunguko, kuuchomelea kwenye kichwa cha skurubu ya zamani na kuiingiza nati hiyo ndani ya bomba la zamani lililokwanguliwa. Kuta za hesi hizo zimeinama, zikifanya pembe ya nyuzi 30 kati yake, lakini kwa kazi ya jiliwa tofauti hiyo haisikiki mkononi. Bakiza kichwa cha zamani kila inapowezekana, kwa kuwa umbo lake la mviringo linalokaa kwenye washa yenye kikombe huruhusu skurubu kuinama kidogo taya linapofunguka. Washa hiyo ikikosekana, fua nyingine kutoka bamba la milimita 8 kwa kuligonga likiwa jekundu juu ya tundu la duara, ukitumia kichwa chenyewe cha skurubu kama kalibu.

Skurubu ikiwa nzima na nati ikiwa imekufa, hapo ndipo njia ya wahunzi wa zamani inapoonyesha thamani yake, na binafsi naiona kuwa sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii. Tuseme skurubu yako ina kipenyo cha nje cha milimita 32, kipenyo cha mizizi, yaani kwenye vina vya mfuo, ni 26, na mfuo una upana wa milimita 3. Unahitaji ufito wa chuma laini wenye unene wa milimita 2.7 hivi na kimo cha milimita 5. Katika kimo hicho, milimita 3 kasoro kidogo zitaingia ndani ya mfuo, na zinazobaki zitatokeza nje ya hesi za skurubu ili zikutane na ukuta wa bomba. Kwa vipimo hivi kipenyo cha nje cha msokoto kitakuwa kati ya milimita 36 na 37, na bomba lichaguliwe au likerezwe ndani hadi lilingane nacho.

Paka skurubu masizi mazito au chaki iliyokorogwa kwa maji. Pasha ufito hadi uwe na wekundu mkali, bana ncha yake kwenye mfuo wa kwanza, na uusokote kwa koleo kuufuata mfuo, ukiupasha tena kila unapopoa. Ufito unaokunjwa kwa upande wa kimo chake huvimba upande wa ndani na kukonda upande wa nje; kwa hiyo baada ya kupata mizunguko inayotosha, uutoe kwa kuuzungusha na upige tupa kingo za ndani hadi skurubu ipite kwa vidole bila kulazimishwa. Usifanye haraka hapa. Msokoto unaobana ukiwa nje hautalegea ukiwa ndani ya bomba.

Ingiza msokoto ndani ya bomba huku skurubu ikiwa ndani yake ili mizunguko ikae kwa umbali sahihi. Toboa bomba katika sehemu tatu au nne na upige vipini vidogo vinavyoushika msokoto, ndipo uitoe skurubu. Sasa paka boraksi iliyokorogwa (chumvi inayosaidia shaba kushika chuma), weka vipande vya shaba ya njano kwenye mizizi ya msokoto, lifunge bomba ncha zote mbili kwa udongo ukiacha kijitundu cha mvuke, na ulipashe polepole motoni likizungushwa daima, hadi uone mwali wa rangi ya kijani na mweupe ukitoka kijitunduni. Mvuke huo una zinki na ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo kazi hii haifai kufanyiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Endelea kulizungusha nje ya moto hadi wekundu upotee, ili shaba isijikusanye upande mmoja. Likipoa kabisa, vunja udongo, safisha kioo cha boraksi kwa maji ya moto, na uingize skurubu yenye mafuta na unga laini wa kusagia, ukiipeleka mbele na kurudi nyuma hadi ipite mpaka mwisho. Unga huo lazima uoshwe wote kwa mafuta ya taa, la sivyo utaendelea kula hesi ulizozitengeneza. Jino la kuzuia nati isizunguke lichomelewe mwisho, baada ya kulijaribu bomba mahali pake, na lichomelewe kwa vipindi vifupi ili joto lisifike ndani.

Springi

Springi ya gari iliyokatwa ni malighafi nzuri, ingawa huwa nene mno na lazima ifuliwe hadi ifike milimita 5 au 6, ikipungua taratibu kuelekea ncha inayosukuma. Kata kwanza kielelezo cha bati jembamba, kiinamishe kati ya mataya hadi kikae, na utafute mahali palipong'aa kwenye chuma cha zamani, kwa kuwa ndipo springi ya kwanza ilipokuwa ikisugua. Ncha moja hushikwa kwenye mguu wa nyuma, mara nyingi chini ya kikuku, na ncha nyingine husukuma taya la mbele. Ikiwa huru, springi iwe imepanuka zaidi ya upana mkubwa kabisa unaotaka jiliwa lifunguke.

Baada ya kuipa umbo, ipashe sawasawa hadi sumaku isiishike, jambo linalotokea karibu na nyuzijoto 770, uiongezee joto kidogo tu, kisha uichovye katika mafuta ya moto kiasi, wala si katika maji. Tupa ikiteleza juu yake bila kung'ata, matiko yamekolea. Ikiachwa hivyo itavunjika siku ya kwanza, kwa hiyo ing'arishe na uipashe tena polepole: itageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu, na kwa springi unapita buluu hadi rangi zipotee na kijiti kikavu kinachosuguliwa juu yake kitoe moshi mwingi. Iache ipoe hewani. Ukiwa huna uzoefu wa kutia matiko, ushauri wangu wa dhati ni kuifua tu na kuiacha ipoe hewani bila kuichovya. Springi ya jiliwa hukunjwa kidogo sana, na iliyo laini zaidi ya inavyotakiwa itapinda tu na utairekebisha, ilhali iliyo ngumu kupita kiasi hurusha vipande usoni. Kwa vyovyote, unapoibana mara ya kwanza simama kando, ukiwa umevaa miwani ya kinga, na uifunike kwa gunia.

Kikuku, kabari na mkono

Urefu wa chuma cha kikuku hupimwa katikati ya unene wake. Kwa kikuku chenye nafasi ya ndani ya milimita 40 kilichofanywa kwa chuma cha milimita 12, nusu kipenyo cha mstari wa katikati ni 20 na 6, yaani 26, na nusu duara yake ni karibu milimita 82. Ongeza miguu miwili pamoja na sehemu itakayopita kwenye bamba na kutobolewa nafasi za kabari. Kabari mbili zinazotazamana, zenye mteremko wa milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu, hushika kwa nguvu na bado hutoka kwa pigo moja upande wa pili. Mteremko mkali kuliko huo hulegea kwa mtikisiko.

Mkono wa kukazia uwe wa chuma laini, kipenyo kikiruhusu uteleze ndani ya tundu la kichwa bila kukwama, na urefu usizidi ule unaotosha mkono wa mtu mmoja. Ulaini wake ni kinga: mtu akikaza kupita kiasi, mkono hupinda kabla skurubu haijavunjika. Tengeneza kifundo cha ncha moja kwanza, upitishe, ndipo utengeneze cha pili huku umefunika kichwa cha skurubu kwa kitambaa kilicholowa.

Kukutanisha mataya

Kwa kuwa taya la mbele huzunguka badala ya kwenda sambamba, nyuso mbili huwa sambamba katika nafasi moja tu. Chukua jiliwa ambalo bawaba yake iko milimita 550 chini ya mdomo, na nyuso za mataya zina kimo cha milimita 25. Kama nyuso zinagusana zote likifungwa, basi likifunguka milimita 25 nafasi ya juu itazidi ya chini kwa milimita 1 na kidogo, na kitu kitashikwa kwa ukingo wa chini peke yake. Kwa hiyo jiliwa likiwa limefungwa, kingo za juu ndizo zitangulie kugusana, na chini yake pabaki mwanya mwembamba wa nusu milimita au zaidi kidogo. Hivyo usambamba utapatikana kwenye ufunguzi wa milimita 10 hadi 15, ambapo kazi nyingi hufanyika.

Wengi huuona mwanya huo na kudhani ni kasoro, wakaupigia tupa hadi uishe, na kuliharibu jiliwa lililokuwa sahihi. Kabla ya kupiga tupa, bana karatasi mbili, moja kila pembe ya juu. Zote zikishikwa sawa, acha. Moja ikitoka, angalia bawaba tena kabla ya kuulaumu uso. Marekebisho yaliyo chini ya milimita 1 yafanywe kwa tupa au kwa jiwe la kunolea. Yanayozidi hapo yafanywe kwa kulipasha taya la mbele chini ya tundu la skurubu, mbali na nyuso ngumu, na kulipinda kidogo. Ikiwa mwili ni wa chuma cha kale chenye nyuzi kama za mti, upinde ukiwa na joto la njano iliyokolea, kwa kuwa katika wekundu hafifu chuma hicho huchanika kwa kufuata nyuzi zake.

Kulisimamisha

Pasha sehemu zote hadi ziwe za moto wa kuunguza kidole, uzipake mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta ya nyuki, na uzifute. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke, kwa maana vikirundikwa huweza kujiwasha vyenyewe. Hesi, bawaba na kikombe cha washa vipakwe grisi badala ya mafuta hayo. Juu ya skurubu, kati ya mataya, weka kifuniko cha bati lililokunjwa, kwa kuwa magamba yanayodondoka kutoka chuma cha moto huingia kwenye grisi na kuigeuza kuwa msasa.

Mdomo wa jiliwa uwe kwenye kimo cha kiwiko chako ukiwa umesimama wima. Mguu ukae ndani ya tundu la bamba nene la chuma lililo juu ya zege au gogo gumu. Ukining'inia hata kwa milimita chache, nyundo itapiga meza na bolti zitalegea. Bamba la juu lifungwe kwa bolti zinazopita mbao yote, au kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi gonga kila kabari kwa nyundo ndogo: inayotoa mlio mkali imeshika, na inayotoa mlio mzito ipigwe tena, kwa kuwa kikuku kipya hunyooka kidogo kinapoanza kubeba mzigo.